Chujio Lililopigwa Pasi

Asubuhi ya siku ambayo bibi afya alikuwa aje kupima hewa, Mzee Povu alifungua mashine iliyotundikwa ukutani kwenye karakana ya binti yake, akachungulia ndani, na nusura meno yake ya bandia yadondokee humo humo.

"Mungu wangu! Hiki ndicho mwanangu anachopumulia?"

Mbele kulikuwa na kitambaa cheupe, ambacho mkwe wake alikuwa amekisuuza jana yake kwenye bomba. Hicho hakikuwa na neno. Lakini nyuma yake kulikuwa na kingine, kinene kama blanketi la jeshi, nacho kilikuwa cheusi. Si weusi wa vumbi wala wa masizi. Kilikuwa cheusi ti, cheusi cha kumeza mwanga wa dirishani. Mzee alikigusa kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole, akakificha mfukoni kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

Ungemjua usingeshangaa kwamba alishtuka hivyo. Miaka arobaini na mmoja alikuwa dobi, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna doa lililowahi kumshinda. Aliwahi kufua shuka la hoteli likatakata hata jogoo akaliona kwenye kamba saa nane za usiku, akawika, na mtaa mzima ukaamka ukaenda kazini. Aliwahi kunyoosha suruali ya bwana harusi mpaka mpindo wake ukatumika kukata keki. Watu walicheka, wakampa jina la Povu, la sabuni na la mdomo kwa pamoja, na wakazoea kutomwamini hata akisema nje kunanyesha.

Binti yake ni fundi viatu. Mtaani wanamwita Mama Soli, na viatu vyake si vya kila mtu. Anatengeneza vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Anapima, anakata soli, anapandisha tabaka juu ya tabaka, anagandisha, mpaka mtu aliyeingia akichechemea anatoka akitembea kama anamfuata mtu aliyemtukana. Mji mzima hakuna mwingine anayeijua kazi hiyo. Wateja wake wangekwenda wapi?

Tatizo lilikuwa gundi. Kiatu kimoja cha namna ile kinataka mipako kumi ya gundi, na kila mpako unavuta kichwa kama mkono. Kufungua dirisha hakuwezekani, maana ukuta kwa ukuta yuko seremala, na unga wa msumeno ukitua kwenye gundi mbichi, soli itaachia katikati ya barabara na mteja ataanguka. Kwa hiyo Mama Soli alifanya kazi dirisha likiwa limefungwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja akakutwa chini ya meza, kisu mkononi, macho wazi, hajui hata jina lake. Zahanati ikapeleka taarifa ofisi ya afya. Bibi afya akaja na kipimo chake, mshale ukaenda moja kwa moja kwenye nyekundu. Akampa miezi mitatu: hewa iwe safi, au karakana ifungwe.

Ndipo mumewe, fundi friji, alipoleta ile mashine. Feni, sanduku la bati, na vile vitambaa viwili. Tangu siku hiyo Mama Soli hakuumwa kichwa tena. Leo miezi mitatu ilikuwa imetimia, na bibi afya angefika saa nne.

"Kesho kila kitu king'ae," Mama Soli alikuwa amesema jana. "Baba, ukiona uchafu popote, usiupite."

Na sasa alikuwa ameuona. Binti alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuchukua mipira ya soli, mkwe alikuwa ameitwa kwenye friji la mwenye bucha, na nyumbani amebaki dobi mstaafu na blanketi jeusi. Hebu fikiria wewe ungefanya nini.

Mzee Povu alikunja mikono ya shati.

Beseni la kwanza, maji yaligeuka wino. "Eh, unatoka," aliliambia doa, maana madoa yote alikuwa anaongea nayo. Beseni la pili, wino. La tatu, akaongeza sabuni ya unga. La nne, akaleta sabuni ya mche na brashi. La tano alianza kutokwa na jasho. La sita aliacha kuongea. Maji ya beseni la saba, aliapa baadaye, yalikuwa meusi kuliko ya la kwanza, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimelala pale vilevile, hakijapungua weusi hata kidogo, kama kinamcheka.

Mzee aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Miaka arobaini na mmoja! Damu, mafuta ya gari, wino wa karani, wali wa harusi, vyote viliwahi kunyanyua mikono mbele yake. Leo kitambaa kisichozidi ukubwa wa taulo kinamgomea nyumbani kwa mtoto wake.

"Basi kama hutaki kutakata," alisema, "utanukia."

Akakitia kwenye maji ya manukato ya waridi, kifuniko kizima na nusu, akakikamua, akalitazama jua. Jua lilikuwa bado changa. Saa nne isingekuta kitambaa kikavu. Lakini dobi hategemei jua peke yake. Chini ya kitanda chake alikuwa na pasi yake ya kazi, ile ya mkaa, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, yenye kijogoo cha shaba kwenye kifuniko. Akawasha mkaa, akaupepea ukawa mwekundu, akaibeba pasi mpaka karakana, akatandika blanketi lake jeusi juu ya meza ya Mama Soli, akafunga mlango vumbi lisiingie.

Mpito wa kwanza, pasi ilifanya *chaaaa*, mvuke ukapanda unanukia waridi. Mzee akatabasamu.

Mpito wa pili, tabasamu likaganda.

Palikuwa na harufu ya gundi.

Akageuka, akatazama makopo kwenye rafu. Yote yamefungwa. Akayanusa moja moja. Yamefungwa barabara. Akanusa soli zilizopangwa ukutani, soli kavu. Akapitisha pasi mara ya tatu, na safari hii harufu ilimpiga usoni kama mtu aliyefungua mlango kwa bega. Macho yalimjaa machozi, akakohoa. Akainama taratibu, kwa woga, akakinusa kitambaa. Akaruka nyuma.

Ilikuwa inatoka mle! Gundi haikutiwa, hata kopo halikufunguliwa, lakini kitambaa kilichofuliwa mara saba na kuogeshwa waridi kilikuwa kinapumua gundi kali kuliko gundi yenyewe.

Hapa mtu mwingine angekimbia. Lakini Mzee Povu alikuwa dobi, na kwa akili ya kidobi jambo lilikuwa wazi: uchafu hatimaye unatoka! Alichoshindwa kukitoa kwa sabuni anakitoa kwa moto. Akafurahi. Akaegemeza uzito wake wote juu ya pasi, akakandamiza, akasukuma. Alikuwa amefika nusu ya kitambaa, kichwa kinamzunguka kama amekaa juu ya feni, mlango ulipofunguka.

Mama Soli alisimama mlangoni na mzigo wa mipira begani. Mzigo ulianguka.

"Baba! Moto! Toa huo moto nje!"

"Ngoja nimalizie nu…"

"Nje! Kuna gundi makopo kumi na mawili humu! Hewa yenyewe inaweza kushika moto! Toka!"

Hakuwahi kupaza sauti hivyo mbele ya baba yake tangu alipozaliwa. Mzee alitoka mbio, pasi mkononi, mpaka katikati ya ua, akaiweka chini, akaitazama. Ndipo alipoelewa alichokuwa amekishika na mahali alipokuwa amekishikia.

Mama Soli alifungua dirisha kwa nguvu, unga wa msumeno ukaingia, akaacha uingie. Akarudi mezani, akashika pembe ya kile kitambaa, akakiachia.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekufulia, mwanangu," alisema Mzee, akiwa amesimama mlangoni. "Hujui ulivyokuwa unaishi. Kilikuwa cheusi!"

"Baba, huo ni mkaa."

"Ndiyo nami nilivyosema, kimekuwa kama mkaa."

"Si kama mkaa! Ni mkaa! Wameutengeneza wakaushindilia kwenye kitambaa. Kilikuwa cheusi siku ya kwanza, na kingekuwa cheusi mpaka siku ya kutupwa. Baba yangu, umeufua mkaa!"

Mzee Povu alihesabu kwa vidole. Mabeseni saba. Alikuwa amekaa tangu alfajiri akijaribu kuutakatisha mkaa.

Mama Soli alimpigia mumewe simu, akaiweka sauti kubwa ili baba yake naye asikie.

"Baba amelifua chujio."

Upande wa pili ukauliza, "Lile jeupe?"

"Jeusi."

"Halafu?"

"Halafu amelipiga pasi."

Ilisikika sauti ya mwenye bucha ikiuliza kwa mbali, "Vipi fundi, kuna msiba?" na ya fundi friji ikijibu, "Bado sijajua." Kisha akarudi. "Sikilizeni. Msiwashe kitu chochote. Fungua kila kinachofunguka. Chujio la akiba liko kibandani kwangu, nalifuata. Nusu saa."

Lakini bibi afya hakuingoja nusu saa, wala hakuingoja saa nne. Saa tatu na nusu alikuwa mlangoni, mwanamke mfupi mwenye mfuko mkubwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu wa maneno machache. Kabla hajavuka kizingiti alinusa mara moja, akanusa mara ya pili, akamtazama Mama Soli kwa mshangao.

"Waridi?"

"Ni… ndiyo, mama."

Akatoa kipimo. Mshale haukusitasita. Ulipita kijani, ukapita njano, ukagonga mwisho wa nyekundu na kukaa huko ukitetemeka, ingawa dirisha lilikuwa wazi. Bibi afya akakipiga kipimo kofi dogo, akidhani kimekwama. Hakikuwa kimekwama.

"Ni mbaya kuliko nilipopima mara ya kwanza," alisema polepole. "Mashine iko wapi?"

"Ile pale."

"Mbona tupu?"

"Chujio limelowa."

"Chujio la hewa limelowa kwa nini?"

Mama Soli akamtazama baba yake. Mzee akajitokeza, akasimama wima kama shahidi.

"Nililifua mimi, mama. Nikalipiga pasi. Gundi yote ya miezi mitatu ikatoka humo ndani. Binti yangu hana kosa, hii harufu si ya leo, ni ya zamani. Imetoka kwenye kitambaa."

Bibi afya alimtazama kwa muda.

"Mzee, nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii. Wiki iliyopita nimekuta mashine ya hewa iliyogeuzwa debe la unga wa uji. Nyingine ilikuwa ya kuazima, ina jina la mwenyewe. Nimedanganywa na mabingwa. Lakini harufu kupigwa pasi ikatoka, hiyo ni mpya."

Seremala, ambaye kelele zilimleta dirishani, akaona ni zamu yake kusaidia.

"Huyo asikusumbue mama, mzee wetu mtu wa hadithi. Ndiye aliyefua shuka jogoo akawika!"

Akacheka peke yake. Mzee Povu aliusikia ule mzaha kama mtu anayesikia jina lake likisomwa mahakamani. Maisha yake yote alikuwa amesema uongo na watu wakampa kiti. Leo amesema ukweli mtupu, na ukweli huo ndio unaomfungia mtoto wake karakana. Bibi afya alikuwa tayari ameshatoa kitabu cha karatasi nyekundu, anatafuta kalamu. Mama Soli alikuwa ameshika kiatu kimoja ambacho hakijakamilika, cha mguu wa kushoto, tabaka sita, amekibana kifuani wala hajui kama amekishika.

Hapo fundi friji akaingia akitweta, kaboksi kwapani, shati limemganda mgongoni. Akatazama meza, akatazama karatasi nyekundu, akamtazama baba mkwe wake.

"Shikamoo baba," alisema, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Mkwe wangu, waambie. Mimi hawaniamini. Nililipiga pasi ikatoka gundi. Ni kweli au nimerukwa na akili?"

"Ni kweli." Fundi akameza mate. "Mama, naomba dakika mbili kabla hujaandika. Huu mkaa si wa jikoni. Wanachoma vifuu vya nazi bila hewa, halafu wanavipitishia mvuke wa moto mkali sana, mvuke unachimba. Kila punje inabaki vishimo, na ndani ya vishimo vishimo vingine, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Ukizitandaza kuta zote za ndani za vijiko vichache tu, unafunika uwanja wa mpira."

"Uwanja wa mpira," alirudia seremala dirishani. "Na wewe umeambukizwa na mzee?"

"Haya yapo kwenye vitabu, nenda kasome. Vumbi linakamatwa na kile kitambaa cheupe, ndicho cha kusuuza. Mvuke wa gundi unapita, unaingia kwenye huu mkaa, unanasa kwenye kuta za vile vishimo na kukaa. Hauliwi, hauungui. Umekaa tu humo, kama watu kwenye ukumbi, mpaka viti vijae. Vikijaa, unanunua jipya. Mimi naita mkaa wenye njaa."

"Na maji?" aliuliza bibi afya. Kalamu ilikuwa imesimama hewani.

"Maji na sabuni vinaziba vishimo. Haliwi safi, linashiba kitu kingine. Na joto…" akamtazama Mzee Povu, kwa mara ya kwanza akiwa na uso wa mtu anayetaka kucheka na kulia, "joto na mvuke vinawafukuza watu ukumbini. Viwandani ndivyo wanavyoitoa gundi iliyonasa, kwa mitambo maalumu. Baba amefanya hivyo hivyo kwa pasi. Juu ya meza. Dirisha limefungwa."

Mzee Povu hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa ametazama kile kitambaa mezani, nusu iliyonyooka na nusu iliyokunjamana.

"Nusu," alisema. "Mama, sikumaliza. Nilifika nusu tu. Huku hakujaguswa na pasi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kama mimi ni mwongo, nikipiga pasi huku patanukia waridi na basi. Uandike karatasi yako. Kama ni kweli mashine ilikuwa inafanya kazi, gundi itatoka mbele ya macho yako. Twende uani, mbali na makopo."

Bibi afya alimtazama fundi friji. Fundi akaitikia kwa kichwa. "Ila mkaa wa pasi umwagwe kwanza, uzimwe mbali. Chuma kitabaki na moto wa kutosha."

Wakatoka wote. Mkaa ulimwagwa kwenye kona ya mwisho ya ua na kuzimwa kwa maji. Kitambaa kikatandikwa juu ya bati. Bibi afya akasimama mahali upepo unapoelekea, akanyoosha mkono wenye kipimo. Mshale ulikuwa kwenye kijani, umelala.

"Haya, mzee."

Mzee Povu aliishika pasi kwa mikono miwili. Katika miaka yote ile hakuna nguo iliyowahi kumtetemesha. Akaishusha kwenye upande uliokunjamana. *Chaaaa.* Mvuke ukapanda, na kweli, wa kwanza ulinukia waridi. Seremala akaguna. Mzee hakuinua pasi. Akakandamiza.

Mshale ukaamka. Ukapita kijani, ukafika njano ukasita, kama mtu anayeuliza njia, kisha ukaruka mpaka nyekundu.

Bibi afya akavua miwani. "Inua." Mzee akainua, upepo ukapita, mshale ukarudi. "Shusha pengine." Akashusha pengine. Nyekundu. "Pengine." Nyekundu. Uani, kwenye hewa ya wazi, kutoka kwenye tambara moja!

Seremala alikuwa ameshaacha kuguna. Kofia yake ilikuwa mkononi, sijui aliivua lini.

"Hii yote," bibi afya alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, "ni ya miezi mitatu tu?"

"Mitatu kasoro wiki," alijibu fundi friji. "Na baadhi ilishatoka asubuhi."

"Na kabla ya mashine ilikuwa inakwenda wapi?"

Swali lilikuwa la kikazi, aliuliza tu kama anavyouliza kila mahali. Lakini lilipotoka kinywani mwake, wote wanne walijikuta wamegeuka kumtazama Mama Soli, na Mama Soli alikuwa ameweka kiganja kifuani, anakitazama kile kitambaa cheusi kama anayemwona mtu aliyekuwa akiishi naye bila kumjua.

Mzee Povu aliweka pasi chini. Aliiweka pembeni ya bati, ikaangukia karibu na mguu wake, na hakushtuka.

Bibi afya alikuwa wa kwanza kujikusanya. "Weka hilo jipya. Funga dirisha, maana ndivyo anavyofanya kazi. Nasubiri saa moja. Mshale ukirudi kijani nasaini. Usiporudi, karatasi nyekundu iko hapa hapa, na hadithi njema hainibadilishi."

Fundi akafungua kaboksi, akalipachika chujio jipya, jeusi vilevile, na safari hii Mzee Povu aliutazama weusi ule kwa heshima. Lile bovu likatiwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ukafungwa mafundo mawili, ukaachwa nje. Hewa ilipotulia, dirisha likafungwa na mashine ikawashwa. Wakaketi ndani, kila mtu na kiti chake, kipimo mezani katikati yao kama mgonjwa.

Dakika kumi na tano, nyekundu. Dakika ishirini na tano mshale ukashuka, ukaingia njano, na Mama Soli akatoa pumzi. Dakika arobaini, njano. Dakika hamsini, njano ile ile. Mashine ilikuwa inavuma, karatasi aliyoshika fundi mbele yake ilikuwa inavutwa vizuri, na mshale umegoma.

"Haiwezekani," fundi alinong'ona. "Chumba kidogo hivi? Lazima kuna kitu bado kinatoa."

Bibi afya akasimama, akachukua kipimo, akaanza kutembea nacho kama mtu anayemtafuta kuku aliyeibwa. Kwenye makopo: njano hafifu. Kwenye soli: njano hafifu. Chini ya meza, hivyo hivyo. Akapita mbele ya seremala, hakuna. Akapita mbele ya Mzee Povu, mshale ukaruka mpaka nyekundu.

Akarudi nyuma hatua moja. Ukashuka. Akasogea. Ukaruka tena.

"Mzee," alisema bibi afya. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Shati lako. Umelifukiza asubuhi nzima."

Mzee Povu aliinua ukosi wa shati, akanusa, na macho yakamtoka. Hakusubiri kuambiwa. Alitoka nje akivua njiani, kifungo kimoja kikaruka, akabaki na fulana yenye matundu mbele ya mtaa mzima, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Alikaa kwenye kizingiti. Kupitia ukutani alisikia mashine ikivuma. Kichwa kilikuwa kinamgonga, mdomo mkavu, na kila alipofumba macho ardhi ilikuwa inainama upande. Alihesabu magari yaliyopita, akapotea, akaanza upya. Kisha akasikia kiti kikisogea ndani, na sauti ya bibi afya ikisema kwa ukavu ule ule, "Kijani. Nipe mahali pa kuandikia."

Fundi friji akapiga kofi moja la furaha. Bibi afya akatoka, akamruka Mzee Povu pale kizingitini, akafika barabarani, akageuka. Akatikisa kichwa tu, akaenda zake.

Baadaye Mama Soli alitoka na shati la mumewe. Alimvika mabegani, akaketi karibu naye.

"Baba, kichwa kinakuuma?"

"Kinaniuma, mwanangu. Kama kimevishwa kiatu cha mtu mwingine. Na hapa," akagusa kifua, "kama nimemeza brashi. Na ardhi inatembea."

"Mimi ilikuwa hivyo miaka sita," Mama Soli alisema. "Kila siku. Nilidhani ni uchovu."

Akainuka, akampapasa bega, akaingia ndani kukimalizia kile kiatu cha kushoto. Dirisha lilifungwa. Nyundo ikaanza, taratibu, tabaka juu ya tabaka.

Mzee Povu alibaki ametazama mfuko wa nailoni uliokuwa karibu na mlango. Akainuka kwa shida, akauchukua kwa ncha za vidole, akausogeza hatua tano kutoka ukutani. Akausimamia, akaona hazitoshi. Akaubeba tena, akavuka ua, akavuka kibanda cha seremala, akaendelea kwenda nao hivyo hivyo, mkono ameunyoosha mbali na mwili wake, mpaka kwenye pipa la mwisho kabisa la mtaa.